Futi kamba, saa ya simu, na impalsi ya mguu kwenye mpira

Mguu na mpira vinagusana kwa muda mfupi mno, kama sekunde 0.01 hivi, na ndani ya hako kamuda kila kitu kinaamuliwa: mpira utaondoka na kasi gani, utapanda kiasi gani, utatua wapi. Baada ya hapo mguu hauna mamlaka tena. Sasa we kama ni mwalimu wa fizikia, au kocha wa vijana, au mwanafunzi wa kidato cha tano unaetaka kuielewa impalsi na sio kuikariri tu, unapimaje kitu kinachoanza na kuisha ndani ya sekunde 0.01? Maabara kubwa zina vifaa vya kupimia kani moja kwa moja na kamera zinazopiga picha maelfu kwa sekunde. Sisi tuna uwanja, mpira, futi kamba na saa ya kwenye simu, na ninachotaka kusema leo ni kwamba hivo vinatosha, tena vinatosha kwa namna ambayo mi nafundisha haya mambo kila mwaka na bado nikifika hapa nafurahi.

Impalsi yenyewe kwa haraka, mana iko kwenye kila daftari. Chukua kani, zidisha kwa muda iliofanya kazi, hiyo ndo impalsi, na ni sawasawa na badiliko la momenta. Momenta ni masi mara kasi. Mpira ukiwa umetulia chini momenta yake ni sifuri, kwahiyo impalsi yote aliotoa mpigaji ni masi ya mpira mara kasi ulioondoka nayo. Basi. Hauhitaji kujua kani ilikuwa nyutoni ngapi (nyutoni ndo kipimo cha kani) wala kiatu kiligusa muda gani, unahitaji kasi ya kuondokea tu. Na hiyo kasi inajionyesha kwenye safari ya mpira hewani, mana mpira ukishaachana na kiatu hauna injini, unaenda na kile ulichopewa, graviti inauvuta chini na hewa inaubania (hewa tutairudia, ina kesi kubwa).

Galileo, mwanasayansi wa Italia, alichapisha mwaka 1638 kwamba kitu kilichorushwa (projektaili) kina miendo miwili kwa wakati mmoja na haiingiliani, mmoja wa kwenda mbele ambao kasi yake haibadiliki, mwingine wa juu na chini ambao graviti inaushughulikia kila sekunde. Kwenye kiki hii inamaanisha hivi. Kasi ya kwenda mbele ni umbali gawanya kwa muda, hesabu ya darasa la tano. Kasi ya kwenda juu, hapa ndo patamu: kama mpira umeondoka chini na umetua chini kwenye uwanja wa tambarare, nusu ya muda ulikuwa unapanda na nusu unashuka, na wakati unapanda graviti inaupunguzia kasi mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde mpaka ifike sifuri kule juu kabisa. Kwahiyo kasi ya juu ulioanza nayo ni 9.8 mara nusu ya muda wote. Yani umbali na muda, vitu viwili tu, vimekupa kasi zote mbili. Pembe hauijui na hauihitaji.

Uwanjani kuna mambo ya kuzingatia ambayo vitabu havisemi. Anaeshika saa asisimame na mpigaji, wala asisimame kule mpira unapotua, asimame pembeni kama katikati ya safari, aone vyote viwili. Na aanze saa kwa jicho sio kwa sikio, mana sauti inaenda kama mita 340 kwa sekunde, ukiwa umbali wa mita 40 ule mlio wa kiatu unakufikia sekunde 0.12 baadae, mpira umeshaondoka zamani. Saa inasimama mpira ukigusa ardhi mara ya kwanza, sio ukimaliza kudunda, hili wanafunzi wanalisahau kila mara kwasababu macho yanapenda kuufuata mpira mpaka mwisho. Uwanja wa vumbi unasaidia sana, mpira wenyewe unaacha alama. Uwanja wa nyasi weka mtu jirani na pale unapotarajia utue, achomeke kijiti. Afu futi kamba inavutwa kutoka sehemu mpira ulipokuwa umewekwa moja kwa moja mpaka kwenye alama, sio sambamba na mstari wa uwanja, mana mpira haukuahidi kwenda sambamba na mstari. Futi kamba fupi sio tatizo, chukua kamba ya katani ndefu, ipime mara moja vizuri, ifunge mafundo kila baada ya mita tano, maisha yanaendelea. Na chagua asubuhi ambayo upepo haujaamka.

Tuchukue kiki ya beki anaeondosha mpira: imetua mita 40 na imekaa hewani sekunde 2.5. Mbele: 40 gawanya kwa 2.5 ni mita 16 kwa sekunde. Juu: 9.8 mara 1.25 ni mita 12.25 kwa sekunde. Hizi mbili zina pembe mraba kati yao kwahiyo unaziunganisha kwa Pythagoras, 16 kipeo cha pili ni 256, 12.25 kipeo cha pili ni 150, jumla 406, kipeuo chake cha pili ni 20.15. Mpira umeondoka na kasi ya mita 20 na kidogo kwa sekunde, kama kilomita 72 kwa saa, hiyo ni kasi ya basi kwenye lami. Mpira una kilo 0.43. Zidisha, impalsi ni nyutoni-sekunde 8.7 (ndo kipimo chake, mana ni kani mara muda). Na kwa kuwa una vitu vyote unaweza kutoa vingine bure: kimo cha juu kabisa ni kama mita 7.7, zaidi ya mara tatu ya kimo cha mtambaa panya ambao ni mita 2.44.

Mara nyingi hapo kuna mwanafunzi atanyoosha mkono aseme "Ticha, si tumeambiwa projektaili lazima uwe na pembe, sasa pembe iko wapi?" Na jibu langu huwa ni moja, "Pembe unayo mkononi dogo, gawanya 12.25 kwa 16 utafute tanjenti yake." Inatoka digrii 37. Kwenye mtihani wanakupa kasi na pembe wanataka umbali na muda, uwanjani unapewa umbali na muda unatafuta kasi na pembe, njia ni ileile unaitembea kwa kurudi nyuma, na mwanafunzi akishaitembea kwa kurudi mara moja yale maswali ya mtihani hayamsumbui tena.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndo sababu kubwa ya mimi kuandika. Watu wengi wakisikia saa ya simu na kidole wanasema aah, hiyo haiwezi kuwa sahihi, kidole kinachelewa. Ni kweli kinachelewa, ukikosea sekunde 0.2 kwenye sekunde 2.5 ni kosa la asilimia 8, sio dogo. Lakini rudia hesabu uone. Tuseme kwa kukosea umeandika sekunde 2.7. Kasi ya mbele inashuka mpaka 14.8, ila kasi ya juu inapanda mpaka 13.2, ukiziunganisha unapata 19.9. Tuseme umekosea upande wa pili ukaandika 2.3. Mbele inapanda 17.4, juu inashuka 11.3, zikiungana ni 20.7. Umeona? Muda umeyumba kwa asilimia 8 huku na huku lakini kasi imetoka 19.9 mpaka 20.7, impalsi imetoka 8.5 mpaka 8.9, yani asilimia tatu tu mbali na 8.7 yetu na wakati mwingine hata hazifiki. Kosa la muda linapunguza upande mmoja na linaongeza upande wa pili kwa wakati huohuo, zinafidiana. Na ukiifanya kwa kalkulasi utaona kwamba pale kasi mbili zinapolingana kabisa, yani pembe ya digrii 45, kufidiana ni kamili kwa makosa madogo, saa ikikosea kidogo impalsi haitikisiki.

Kilichoyumba ni pembe, imetoka digrii 33 mpaka digrii 42, hiyo usiiamini sana. Lakini hatukuwa tunatafuta pembe. Tulikuwa tunatafuta ukubwa wa impalsi na huo umelindwa, na haujalindwa na kifaa cha bei mbaya, umelindwa na umbo la mwendo wenyewe. Ndomana nasema mwanafunzi wa shule isio na maabara asijione amepunjwa kwenye hili jaribio, akipiga mpira wa juu juu namba yake inasimama.

Ila usiende kupima shuti la chini kwa njia hii ukanilaumu. Chukua shuti la kunyooka limetua mita 20 kwa sekunde 0.8. Mbele ni 25, juu ni 3.9, kasi 25.3. Ukikosea ukaandika sekunde 1.0, mbele inakuwa 20, juu 4.9, kasi 20.6. Kosa la sekunde 0.2 lilelile limekula karibu moja ya tano ya jibu, kwasababu hapo kasi ya juu ni ndogo mno kufidia chochote. Kwa mashuti ya hivo acha kidole, rekodi video afu hesabu fremu (zile picha mojamoja zinazounda video), simu nyingi zinarekodi fremu 30 kwa sekunde kwahiyo kila fremu ni sekunde 0.033, na kama simu yako ina slomosheni ya fremu 240 ndo raha zaidi.

Umbali nao hauna huruma kama muda ila sio mbaya, ukiuzidisha kwa mita 2 kwenye 40 jibu linapanda kama asilimia 3. Kinachoua kimyakimya ni masi. Sheria za soka zinaruhusu mpira wa saizi 5 uwe kati ya gramu 410 na 450, na hapo naongelea mpira mzima mkavu. Mipira yetu ya shule imeshonwa, imebanduka ngozi, mingine imekunywa maji ya mvua. Na masi inaingia kwenye jibu moja kwa moja bila kufidiwa na chochote, mpira ukiwa mzito kwa asilimia 10 kuliko ulivodhani impalsi yako imekosewa asilimia 10. Kwahiyo nenda dukani kwa muuza nafaka mwenye mizani ya dijitali, mwombe, weka mpira juu ya bakuli usibingirike, andika gramu. Watoto wanaotumia saizi 4 wajue mpira wao ni gramu 350 mpaka 390, usiwachanganye kwenye jedwali moja na wakubwa.

Haya, hewa. Hesabu yote hapo juu imejifanya hewa haipo. Kwa jiwe unalorusha karibu hiyo ni sawa, kwa mpira wa miguu hapana, mana mpira ni mkubwa kwa umbo na mwepesi kwa masi, upana wake ni sentimita 22. Ukiukadiria ukinzani wa hewa kwenye mpira unaoenda mita 20 kwa sekunde unapata kama nyutoni 2.3, na uzito wa mpira wenyewe ni nyutoni 4.2. Yani hewa inaubania mpira kwa zaidi ya nusu ya uzito wake! Hiyo sio kitu cha kufumbia macho. Maana yake mpira uliondoka na kasi kubwa kuliko ile 20.15, ukawa unapoteza njiani, na hesabu yetu imeona wastani tu. Nimeifanya ile kiki ya mita 40 kwa hatua ndogondogo za sekunde 0.1, kila hatua napunguza kasi kwa kadiri ya hewa na graviti (hii ukiweka kwenye eksel ni dakika chache, mpe mwanafunzi wa kidato cha sita aifanye), na ili mpira utue mita 40 kwa sekunde 2.5 lazima uondoke na kasi ya kati ya 25 na 26. Impalsi inapanda kutoka 8.7 mpaka karibu 11. Zaidi ya robo!

Kwahiyo 8.7 ni sakafu. Impalsi ya kweli haiko chini yake, iko juu yake, na kwa kiki ndefu iko juu sana. Kwa kazi ya darasani kuna njia rahisi ya kuikwepa hewa, piga fupi. Kiki ya mita 15 inayokaa hewani sekunde 1.7 inatoa kasi ya 12 na impalsi ya 5.2, na kwasababu mpira umeenda taratibu na safari ni fupi hewa inakuwa haijapata nafasi ya kuharibu kiasi kile. Kama lengo ni kumwonyesha mtoto kwamba impalsi ni badiliko la momenta, fupi ndo sahihi. Kama we ni kocha unataka kulinganisha wachezaji wako, piga ndefu ila linganisha mtu na mtu kwenye mpira uleule, uwanja uleule, siku ileile, hapo hewa inawabania wote.

Uwanja uleule nina maana yangu. Pale Sokoine, Mbeya, ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Dar kwa asilimia 15 hivi. Impalsi ileile ya mguu uleule, mpira unafika mbali zaidi Mbeya. Nairobi ni hivohivo. Mtu akikwambia fulani ana mguu mzito kwasababu aliona kiki yake ikivuka nusu ya uwanja huko milimani, muulize kwanza hewa.

Na hapo bado mzunguko sijaugusa. Mpira ukizunguka, hewa haiubanii tu, inausukuma pembeni au inaubeba juu. Friki ya Roberto Carlos wa Brazil dhidi ya Ufaransa pale Lyon, tarehe 3 Juni 1997, ilipigwa kutoka kama mita 35, ikapita nje ya ukuta wa wachezaji afu ikarudi ndani, kipa Barthez kasimama anaangalia. Kiki kama ile kuipima kwa umbali na muda ni kujidanganya, njia yake haikuwa parabola (ule upinde hesabu yetu inaoutegemea) hata kidogo. Kwahiyo mpigaji wako apige katikati ya mpira, chini kidogo, asiukate, na ukiona umepinda tupa hicho kipimo piga tena.

Watu wanapenda nyutoni, wanataka kusikia mguu ulipiga kwa kani gani. Inawezekana, gawanya impalsi kwa muda wa kugusana. Kwa 11 gawanya kwa 0.01 unapata wastani wa nyutoni 1,100, huo ni uzito wa gunia la mahindi la kilo 100 na ushee likiwa limekalia sehemu ya juu ya mguu. Na huo ni wastani, kile kilele cha katikati wakati mpira umebonyea kabisa kinaenda kama mara mbili yake. Ila mi namba hii siitilii mkazo sana kwasababu ile 0.01 hatujaipima, tumeiazima, na ukiazima 0.008 badala yake kani inaruka mpaka 1,375 wakati impalsi imekaa palepale. Kwahiyo kwenye ripoti andika impalsi kama kipimo chako, kani iandike kama makadirio.

Kitu kimoja tena, yote haya ni kwa mpira uliotulia. Mpira ukija kwako kwa mita 10 kwa sekunde ukaurudisha ulikotoka kwa mita 20, badiliko sio 20, ni 30, kwasababu kwanza umeusimamisha ndo ukaurusha. Impalsi ni 0.43 mara 30, karibu 13. Mtazamaji kwa nje anaona mpira umeondoka kwa kasi ileile ya 20, mguu wenyewe umefanya kazi ya moja na nusu. Kipa anaepiga mpira kutoka mkononi naye ana hesabu yake, mpira unashuka wakati unapigwa na unaondoka juu ya ardhi, zile nusu mbili za muda hazilingani tena.

Na kwa wale mnaofundisha watoto wanaocheza peku, hii ya mwisho ni yenu. Nyutoni, yule mwanasayansi mwenyewe, anasema mguu ukiupa mpira impalsi, mpira nao unaurudishia mguu impalsi ileile. Mpira uliojazwa upepo mpaka ukawa jiwe haubonyei, kwahiyo muda wa kugusana unapungua, na kwa impalsi ileile muda ukipungua kani inapanda, na kani hiyo inaishia kwenye vidole vya mtoto visivyo na kiatu. Sheria inaruhusu upepo kati ya psi 8.5 na 15.6 (psi ni kipimo cha presha ya upepo ndani ya mpira), hiyo ni nafasi kubwa sana. Kabla ya mazoezi weka pampu yenye geji, shusha mpaka 9 hivi, mpira bado utadunda vizuri na watoto watapiga bila kuogopa.